Pikapu za Mmarekani na za Mjapani: ipi inahimili kazi za Tanga?

#1 Mkonge_Mwitu
Wakuu, salaam.

Hoja ni hii: kwa kazi za Tanga, kununua pikapu ya Mmarekani ni kujitia kitanzi. Nazungumzia Hilux ya 2005 mpaka 2015 yenye injini ya dizeli ya 1KD au 2KD, dhidi ya Ford Ranger ya 2012 na kuendelea yenye dizeli ya lita 2.2 au 3.2. Kazi zenyewe mnazijua: saruji kutoka Pongwe kwenda Pangani, machungwa ya Muheza, samaki wa Deep Sea kufikishwa Korogwe kabla barafu haijayeyuka, na njia ya Amani wakati wa masika ambako tope ndilo linaloamua nani alale porini.

Hilux inachoka lakini haifi. Ranger inakufa haijachoka. Anayebisha aje na namba za injini, asije na picha za gari imeoshwa.

#2 Fundi_Nozeli
Swali limekaa upande. Umarekani wa Ranger hiyo uko kwenye nembo. Gari ilichorwa Australia, inaundwa Silverton kule Pretoria na nyingine Thailand, na Marekani kwenyewe wakati ule hata haikuuzwa. Injini ya 3.2 ya silinda 5 ndiyo ile ile iliyofungwa kwenye Mazda BT-50 ya miaka hiyo.

Ranger za kabla ya hapo ndiyo kabisa: ni Mazda iliyobandikwa nembo ya Ford. Fungua boneti ya ile 2.5 ya zamani, unakutana na injini ya WL ya Mazda. Waliokuwa wakiisifu Ranger ya zamani walikuwa wakimsifu Mjapani bila kujua.

#3 Kutu_Haina_Hodi
Naongezea kwa #2, maana na Hilux isipone. Toyota waliacha kuuza Hilux ndani ya Japani 2004, wakairudisha 2017. Kwa hiyo mtu akikuuzia Hilux ya 2010 akasema ni mtumba safi kutoka Japani, mtazame usoni vizuri.

Soma namba ya chesisi. Ikianza na MR0 imetoka Thailand. AHT ni Afrika Kusini, kiwanda cha Durban. J mwanzoni ndiyo Japani. Gari iliyoundwa Marekani inaanza na 1, 4 au 5. Kwenye Hilux namba imegongwa kwenye chuma cha chesisi upande wa kulia, usawa wa tairi la mbele. Kwangua tope, piga brashi ya waya, linganisha na kadi. Zikipishana herufi moja, ondoka, hata bei ikiwa tamu vipi.

#4 Mkonge_Mwitu
Haya, basi Mthailandi dhidi ya Msauzi. Hoja yangu iko pale pale.

#5 Bi_Spea_Ngamiani
Wanangu, mnahangaika na herufi wakati jibu liko kwenye rafu. Mtu akija anataka washa za nozeli za 1KD, taimingi belti na tensha yake, bushi za mikono ya mbele, boljointi, klachi pleti, silinda ya breki ya nyuma, anaondoka navyo saa ile ile, tena anachagua: orijino, Thailand au ile ya bei ya kulia. Ranger akitaka filta na pedi za breki, atapata. Akitaka kipoozeo cha EGR (mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini), sensa ya presha ya reli (bomba la dizeli ya presha kubwa) au nozeli, tunapiga simu Dar, na Dar nao wanapiga simu Afrika Kusini. Gari inakaa juu ya mawe.

Tanga waja leo waondoka leo. Spea za Ranger nazo ni hivyo, ila bado hazijaja.

#6 Dereva_wa_Mombo
😂😂 Bi Spea ameua.

#7 Fundi_Nozeli
Mkonge, ile "inachoka lakini haifi" kwa 1KD ifute. Injini hii ina ugonjwa unaoua kimya kimya. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba, kazi yake kuziba moto wa silinda usipande. Washa ikichoka, gesi inapenya hadi chini ya kava ya valvu na kuipiga oili mpaka oili inageuka masizi mazito. Masizi yanashuka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, na kuganda kwenye wavu wa bomba la pampu ya oili. Wavu ukiziba, pampu inakosa cha kuvuta, beringi za krenki zinakauka, injini inanoki. Mwenye gari anaapa kwamba jana ilikuwa inatembea vizuri, na kweli ilikuwa inatembea vizuri.

Dalili: asubuhi inagonga kama cherehani. Moshi mweupe dakika za mwanzo. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Gesi ikitoka kwa mapigo, puf puf puf, badala ya mvuke mwepesi uliotulia, jua kuna nozeli inavuja kitako. Taa ya oili ikianza kuchelewa kuzima baada ya kuwasha, usiiwashe tena. Ishushe sampu kwanza.

Kazi yenyewe: toa nozeli zote 4 na uziandike ipi ilikaa wapi, kwa sababu kila moja ina kodi yake (namba ya utambulisho) iliyoandikwa kichwani na kompyuta ya gari inaijua. Ukizichanganya bila kuingiza kodi upya, injini inatetemeka halafu lawama zinaangukia nozeli. Safisha kitako mpaka chuma king'ae. Chembe moja ya kaboni ikibaki, washa mpya haitakaa sawa. Washa za zamani usirudishe hata zikiwa zinaonekana nzima. Ukifunga nozeli mpya, Toyota wanataka na mabomba yake ya presha yawe mapya, na hapo ndipo wengi wanapobana hela. Kisha shusha sampu ya chini, toa wavu, uoshe au ununue mwingine.

Mwisho piga mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tazama masahihisho ya kila silinda injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa. Yasizidi 3 juu au chini ya sifuri. Iliyovuka hapo ndiyo mgonjwa.

#8 Dereva_wa_Mombo
Ndiyo maana wazee hawataki kutoka kwenye 3L na 5L, dizeli za zamani za Hilux. Hakuna kompyuta, hakuna reli ya presha, pampu ya dizeli inaendeshwa na beliti, nozeli fundi yeyote wa pampu anaipima kwenye benchi na kuirekebisha. Badilisha taimingi belti kila kilomita 100,000, chenji oili kila 5,000, umemaliza.

#9 Tano_Silinda
Umemaliza, na safari nayo hujaifika. 5L inatoa torki (nguvu ya kuvuta) kama Nm 200. Ranger ya 3.2 inatoa 470. Hilux ya 1KD ya gia za mkono ni 343. Panda Lushoto kutoka Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona, na tani moja nyuma: 5L inapanda na gia ya pili, injini inalia, maji yanachemka. 3.2 inapanda na ya tatu na dereva anaongea na abiria.

Injini inayofanya kazi chini ya uwezo wake ndiyo inayodumu. Hilo mnalisahau kila siku.

Sasa kuhusu Ranger kufa haijachoka. Nusu ya vifo vya 3.2 na 2.2 vinatokea siku ya kuchenji oili. Pampu yake ya oili ikikaa bila oili muda mrefu inapoteza mvuto, na ukija kuwasha inazunguka bure. Ford wenyewe wameweka kikomo: ukifungua nati ya sampu usiache oili inachuruzika zaidi ya dakika 10.

Fanyeni hivi. Gari ipate moto kidogo ili oili iwe nyepesi. Kabla hujagusa nati, weka pembeni filta mpya, oringi yake, na oili yote ya kujaza, ambayo kwa 3.2 ni karibu lita 10. Madumu yawe yamefunguliwa kabisa. Fungua nati, hesabu dakika, funga, badilisha filta, mimina. Oili iwe 5W-30 yenye kiwango cha WSS-M2C913 kimeandikwa kwenye dumu. Ile 20W-50 ya Hilux ya zamani usiiguse. Washa bila kukanyaga mafuta, macho kwenye taa ya oili. Isipozima ndani ya sekunde chache, zima wewe.

#10 Jahazi_Kavu
Dakika kumi? Fundi wa huku akishafungua nati ya sampu anaenda kunywa chai na vitumbua, akirudi anaanza kutafuta spana.

#11 Bi_Spea_Ngamiani
Kisha anatuma mtoto dukani kununua filta. Mtoto anakuja na filta ya Hilux.

#12 Fundi_Nozeli
#9 umesema kweli, nami nitie tanbihi. Ikishapoteza mvuto bado inaokolewa kama hujakaidi. Zima. Chomoa soketi ya sensa ya krenki ili injini isiwake, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia, mpaka taa ya oili izime kwa stata tu. Isipozima, oili isukumwe kwa kuipitisha upande wa filta irudi kwenye pampu. Rudisha soketi ndipo uwashe. Fundi anayewasha na kupiga resi "ili oili ipande" ndiye anayeua turbo na krenki kwa mpigo mmoja.

Ila usituuzie 3.2 kama malaika. Kipoozeo cha EGR kikitoboka ndani, maji yanapungua na chini ya gari pakavu. Mwenye gari anaongeza maji kila wiki akiamini ni joto la Tanga. Maji yanaingia kwenye njia ya hewa, yanaunguzwa, moshi unatoka mweupe na kunukia utamu. Siku yakipungua mno, silinda hedi inapinda. Kupima: toa valvu ya EGR, ukikuta unyevu au chumvichumvi nyeupe, umepata. Ama pandisha presha ya kwenye rejeta mpaka kama bar 1 injini ikiwa ya baridi, iache nusu saa, tazama mshale kama umeshuka.

#13 Mwalimu_wa_Zamu
Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Gari ni hili, si "hii". Gari lina­chemka, magari yanachemka. Mko Tanga, wageni wanakuja kujifunzia Kiswahili kwenu.

#14 Jahazi_Kavu
Mwalimu, gari likichemka au ikichemka, mwisho wa siku tunasukuma wote.

#15 Mkonge_Mwitu
Turudi barabarani. #2 amesema Ranger si Mmarekani kamili. Sawa. Mleteni Mmarekani mwenyewe, F-150, Ram, Silverado. Zipo moja moja zinaingia. Nani anamtetea?

#16 Tano_Silinda
Inategemea injini ipi na mwaka gani, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

F-150 ya 2004 mpaka 2008 yenye V8 ya 5.4 ya petroli, valvu 3 kila silinda: ikimbie. Plagi zake zilitengenezwa kwa vipande viwili, na kaboni inaushika mkia wake ndani ya hedi. Ukifungua kwa nguvu, juu kunatoka, chini kunabaki. Anayelazimika kuzifungua: injini iwe ya baridi, legeza kwa robo ya mzunguko na usizidishe, mimina dawa ya kusafishia kabureta kwenye tundu, subiri dakika 15 au zaidi, halafu rudi mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikikataa, rudia dawa. Ukirudishia, tafuta plagi za kipande kimoja. Na hapo bado hatujagusa gia za taimingi za kwenye kemshafti zinazogonga oili ikichelewa kubadilishwa. Mafuta nayo inakula lita 16 au 17 kwa kilomita 100, kwa vipimo vya Marekani vyenyewe. Kwa pampu za hapa hiyo ni mahari.

Ford ya dizeli ya 6.0, zile F-250 za 2003 mpaka 2007: kipoozeo cha oili kinaziba, kipoozeo cha EGR kinafuatia, bolti za hedi zinanyooka. Nayo ikimbie.

Lakini Ram yenye Cummins 5.9 ya valvu 12, ya kabla ya 1998? Hiyo ni injini ya lori iliyowekwa kwenye pikapu. Pampu ya dizeli ya mekanika, taimingi kwa gia, hakuna cheni wala beliti. Familia hiyo ya Cummins mnaijua kwenye malori, jenereta na mashine za mashambani, kwa hiyo ringi na gasketi hazisumbui. Kasoro moja tu ya kuwahi: kuna pini ndogo ndani ya kava ya gia mbele, inaweza kuchomoka na kuangukia gia. Unafungua kava, unaizuia kwa kipande cha bati kilichobanwa na bolti, umemaliza. Injini ya Mmarekani hiyo. Nani anabisha?

#17 Dereva_wa_Mombo
Injini sawa. Usukani uko kushoto. Kupita lori la mkonge kwenye kona za Mombo unamtegemea abiria akwambie kama kuna basi linakuja. Taa nazo zimelenga upande wa wanaokuja. Na boljointi za Ram utanunua wapi? Injini inadumu, gari imelala kwa sababu ya mpira wa shilingi kidogo.

#18 Mtaa_wa_Kumi
Ngoja niulize. Kama Hilux ni nzuri hivyo, mbona Wamarekani hawaiendeshi?

#19 Kutu_Haina_Hodi
Ushuru. Tangu 1964 Marekani inatoza asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje. Chanzo kilikuwa ugomvi wa kuku na Wazungu wa Ulaya: wao walipandisha ushuru wa kuku wa Marekani, Rais Johnson naye akajibu kwenye magari. Ugomvi wa kuku ukaisha, ushuru ukabaki. Ndiyo maana Toyota kule wanauza Tacoma, tangu 1995, na Tundra, ambayo inaundwa Texas. Kwa namba za chesisi nilizotaja #3, Tundra ni Mmarekani kuliko Ranger yako ya Pretoria. Haya, fikirieni hilo.

Na Toyota hizo za kule hazikuwa na baraka zote. Chesisi za Tacoma za miaka ya 1995 mpaka 2004 zilioza kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, mpaka nyingine Toyota wakazinunua tena. Kesi iliyomalizwa 2016, ikihusu Tacoma, Tundra na Sequoia, ilikadiriwa dola bilioni 3.4. Chesisi zenyewe zilitengenezwa na kampuni ya Kimarekani, Dana. Sasa kosa ni la Mjapani au la Mmarekani? Mimi nasema kosa ni la chumvi, na chumvi tunayo.

Watu wa injini mnaandika sana lakini pikapu za hapa zinamalizwa na bahari. Ukibeba samaki, maji ya barafu yanachuruzika na chumvi. Yanapita kwenye matundu ya bolti za bodi, yanadondokea juu ya chesisi pale inapopinda kupita juu ya eksili ya nyuma. Chesisi ni boksi, ndani tupu. Tope la Pangani likiziba matundu yake ya kutolea maji, inaoza kutoka ndani na rangi ya nje iko salama. Ukikagua usitazame, gonga. Nyundo ndogo, kuanzia kwenye mabano ya springi za nyuma kwenda mbele. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama debe. Pale panapojibu kama debe, chomeka bisibisi.

Ford F-150 kuanzia modeli ya 2015 bodi ni alumini, haishiki kutu nyekundu. Msishangilie: chesisi bado chuma, na kila bolti ya chuma inayokutana na alumini penye maji ya chumvi, alumini inaliwa kuzunguka bolti na kutoa unga mweupe.

#20 Bi_Spea_Ngamiani
Kwa kutu dawa ni oili chafu. Unanyunyiza chesisi nzima kila baada ya miezi mitatu, kutu inaomba radhi.

#21 Kutu_Haina_Hodi
Bi Spea, heshima yako, lakini hapana. Oili chafu inavimbisha mpira. Bushi za springi, hozi za breki, mipira ya chesisi na kebini, vyote vinalainika na kupasuka. Halafu vumbi la Handeni likishika kwenye oili linakuwa kibandiko kinachotunza unyevu. Bora maji baridi ya bomba jioni ile ile, chini na ndani ya boksi kwa kuingiza mpira kwenye matundu, ikauke, kisha nta ya kupuliza inayopenya ndani. Kwa wabeba samaki: bati la plastiki la kufunika bodi yote, na tundu moja tu la maji lenye bomba linaloteremka mpaka chini ya usawa wa chesisi.

#22 Bi_Spea_Ngamiani
Bushi zikipasuka si mtakuja kwangu? Nyunyizeni.

#23 Tano_Silinda
😂😂 Biashara imekaa wazi.

#24 Fundi_Nozeli
Kuna kitu hakijasemwa. Mnasema "Mjapani" mkimaanisha Toyota peke yake. Mjapani ni pamoja na Nissan Navara ya YD25, ambayo cheni ya juu ya taimingi ya zile za mwanzo ni ya mstari mmoja. Inalegea, asubuhi inakwaruza sekunde mbili tatu, siku inakatika na kupinda valvu. Dawa ni seti ya cheni ya mistari miwili, pamoja na gia zake na tensha, si cheni peke yake. Mjapani ni pamoja na Mitsubishi L200 ya 4D56: ina beliti mbili, kubwa ya taimingi na ndogo ya shafti za kutuliza mtetemo. Watu wanabadilisha kubwa wanaacha ndogo. Ndogo ikikatika inajisokota kwenye kubwa, na kubwa inaruka meno. Badilisha zote mbili na tensha zake, usivuke kilomita 90,000.

Na Isuzu D-Max ya 4JJ1, cheni, injini nzito isiyo na makuu, hakuna aliyeitaja kwenye uzi mzima. Mnabishana kwa nembo.

#25 Mtaa_wa_Kumi
Rimu za Ranger zinaingia kwenye Hilux? Kuna seti nimeonyeshwa Makorora.

#26 Mkonge_Mwitu
Uzi unazama huo.

#27 Tano_Silinda
Mjibu tu aende. Zote mbili bolti 6, duara la milimita 139.7. Lakini tundu la katikati: Hilux 106.1, Ranger 93.1. Rimu ya Ranger kwenye habu ya Hilux haikai, labda uende kuchonga, na usichonge. Ya Hilux kwenye Ranger inakaa lakini haishikwi na habu, inashikwa na nati tu. Tafuta ringi za kuzibia pengo, la sivyo usukani unatetemeka kwenye 80. F-150 ya 2004 na kuendelea ni bolti 6 za duara la 135. Hiyo haingii popote huku.

#28 Jahazi_Kavu
Mimi naona injini, kutu na spea vyote mnavionea. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mifuko 20 ndiyo tani moja, na Hilux na Ranger mnazobishania ni za tani moja. Hapa inapakiwa 30, juu wanakaa watu watatu. Robota la mkonge ni kilo 250: manne yanatosha, linabandikwa la tano "kwa sababu nafasi ipo".

Halafu anaongeza springi vyuma viwili. Ukiongeza springi hujaongeza chesisi. Zamani springi ilikuwa inainama na kumwambia dereva amezidisha. Sasa haiinami, chuma cha chesisi nyuma ya kebini ndicho kinachopinda na kufunguka mpasuko. Habu za nyuma zinapata moto, sili ya eksili inavuja, oili ya difu inaingia kwenye breki za dramu. Kisha unamsikia anasema Ranger haina breki.

#29 Dereva_wa_Mombo
#28 kwa breki za kushuka Lushoto nakuunga mkono. Gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Lakini mbona 3L imepakiwa 30 tangu enzi hizo na bado ipo?

#30 Kutu_Haina_Hodi
Ipo kwa sababu imeshachomelewa mara nne. Unaona iliyobaki, zilizokwisha kuuzwa chuma chakavu huzioni.

#31 Mkonge_Mwitu
Na dizeli je? Wengine wanasema hizi injini mpya zote, Ford kwa Toyota, zinauliwa na mafuta yetu.

#32 Fundi_Nozeli
Salfa si kisingizio tena. Afrika Mashariki ilishuka mpaka 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) tangu 2015. Kinachoua ni maji na uchafu, hasa dizeli ya madumu ya kando ya njia. Nozeli za reli ya presha zinasamehe uchafu kidogo mno. Taa ya maji kwenye filta ikiwaka kwenye Hilux, simama: legeza kizibo cha chini ya filta, bonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu, funga. Dakika tano. Filta ibadilishwe kila 10,000, kitabu kiseme kisemavyo.

Tofauti iko hapa, na hii ndiyo pointi ya Mkonge ambayo hakuisema mwenyewe: nozeli za Denso za 1KD za mwanzo ni za solenoidi (sumaku ya umeme), zinafunguliwa, zinawekwa valvu na ncha mpya, zinapimwa. Za Ranger 2.2 na 3.2 ni za piezo (fuwele inayotanuka kwa umeme), na fundi wa kuzifufua ni wa kumtafuta kwa tochi. Ikifa, unanunua.

#33 Tano_Silinda
Na 3.2 taimingi ni cheni, wakati 1KD ni beliti. Vitabu vingi vinasema 150,000, na taa ya T-BELT inakukumbusha. Kwa mtumba uliorudishwa kilomita, taa hiyo inakukumbusha hesabu ya uongo. Ukinunua tu, badilisha.

#34 Mkonge_Mwitu
Kwa hiyo wakuu, mtu ana hela ya moja, kazi ni Pangani na Muheza. Ipi?

#35 Tano_Silinda
Ranger 3.2, ya gia za mkono. Iepuke ile ya 2.0 iliyokuja baadaye, za mwanzo beliti yake ya taimingi inazunguka ndani ya oili; oili ikichelewa beliti inachunika na vipande vinaziba wavu wa pampu.

#36 Dereva_wa_Mombo
Hilux 5L, na uvumilivu.

#37 Kutu_Haina_Hodi
Yoyote ambayo haijawahi kubeba samaki.

#38 Fundi_Nozeli
Ikiwa 1KD, sampu ya chini ifunguliwe kabla hujalipa. Ni bolti tu, saa moja. Ukiona wavu mweusi kama sufuria ya maandazi, mrudishie mwenyewe funguo.

#39 Mtaa_wa_Kumi
Bi Spea, gasketi ya hiyo sampu shilingi ngapi?

#40 Bi_Spea_Ngamiani
Haina gasketi mwanangu, inapakwa silikoni. Paka uzi mwembamba. Ukipaka nyingi, inayobanika ndani inakatika na kwenda kuziba wavu ule ule alioutaja fundi. Na rimu za Makorora ziache.